Kuusoma Muundi wa Ng'ombe: Shahamu Iliyo Kati ya Misuli

Muundi ni sehemu ya mguu iliyo baina ya goti na kifundo. Katika mabucha ya Shinyanga, Kahama na Katoro, sehemu hii hukatwa kwa shoka na kuwekwa mizanini pamoja na mfupa wake, na mnunuzi aghalabu huichukua bila kuitazama sana. Hilo ni kosa, kwa kuwa ni vipande vichache vya ng'ombe vinavyofichua hali ya mnyama aliyechinjwa kama muundi unavyoifichua. Hapo shahamu, kano, mnofu na uboho hukaa pamoja katika kipande kimoja, na mlaji anaweza kuvilinganisha kwa macho yake kabla ya kutoa fedha.

Ukiukata muundi wa nyuma kwa kuukingama, utaona mfupa mmoja mnene na misuli iliyouzunguka. Kila msuli umefungwa katika utando wake mwembamba mweupe. Misuli ya nyuma ndiyo minene. Hukusanyika kuelekea chini na kuishia katika kano ngumu inayoshika kwenye kisigino, ile ambayo wachinjaji huipitishia kulabu wanapomtundika ng'ombe. Kati ya utando wa msuli mmoja na wa msuli jirani pana nafasi ndogo ambamo hupita mishipa ya damu na ya fahamu. Nafasi hiyo ndiyo hujazwa shahamu. Humwezesha kila msuli kuteleza juu ya mwenzake, na ni akiba ya chakula kwa siku za ukame.

Shahamu hiyo si ile michirizi myeupe inayoonekana ndani ya mnofu wenyewe. Michirizi hiyo hutokea mwishoni, mnyama akiwa amelishwa kwa muda mrefu. Ng'ombe wetu wa asili wenye nundu, wanaotembea mbali kutafuta malisho na maji, huwa nayo kidogo sana. Basi mnunuzi asiudharau muundi kwa kukosa michirizi. Aiangalie shahamu iliyo kati ya misuli.

Jambo la kwanza ni rangi. Wapo wanaoikataa nyama yenye mafuta ya manjano wakidhani ni ya ng'ombe mgonjwa. Mara nyingi hofu hiyo haina msingi: majani mabichi yana rangi inayohifadhiwa katika mafuta, na ng'ombe mzee aliyekula majani miaka mingi huwa na mafuta ya manjano ingawa ni mzima kabisa. Hata hivyo upo umanjano wa ugonjwa, kama ule unaoweza kuletwa na ndigana baridi inayoenezwa na kupe. Namna ya kuutambua ni hii: tazama kano na utando. Ikiwa mafuta ni ya manjano lakini kano imebaki nyeupe inayong'aa, rangi ni ya majani. Ikiwa kano na utando navyo vimegeuka manjano, usinunue, na umwarifu mkaguzi wa nyama.

Jambo la pili ni ugumu wa mafuta. Nyama ya alfajiri iliyotoka machinjioni ingali na joto, na mafuta yake ni laini; hapo usihukumu. Ikishapoa, shahamu ya mnyama mwenye afya hushikamana na kuwa kavu kwa kuigusa. Usitarajie iwe ngumu kama mafuta ya figo. Kadiri unavyoteremka kuelekea kwato, ndivyo mafuta yanavyozidi kuwa laini, kwa sababu miguu hupata baridi kuliko kiwiliwili na mafuta yake hayana budi kubaki mepesi. Mafuta yanayochemshwa kutoka kwenye kwato na miundi hubaki majimaji hata yakipoa, na tangu zamani yametumika kulainishia ngozi. Kwa hiyo mafuta laini peke yake si dalili ya udanganyifu.

Dalili mbaya ni maji. Mnyama aliyedhoofika kwa maradhi au njaa kali hutumia akiba yake yote, na pale palipokuwa na shahamu hubaki rojorojo yenye maji, isiyoshikamana hata nyama ikipoa. Uboho ni akiba ya mwisho kuguswa. Kwa ng'ombe mkubwa, ukiuona ni mwekundu na unatiririka kama uji, mnyama huyo alichinjwa akiwa katika hali mbaya. (Uboho wa ndama ni mwekundu kwa asili yake.) Angalizo hili ni muhimu zaidi kuanzia Septemba hadi mvua zinaposhika, malisho yanapokuwa yamekwisha. Ng'ombe aliyekonda tu, ambaye mafuta yake ni machache lakini makavu, hana kasoro.

Nyuma ya goti, ndani kabisa ya shahamu, kuna tezi ya rangi ya kijivu au hudhurungi. Huenda ukaikuta imepasuliwa kwa kisu. Mkaguzi hupasua tezi ili kutafuta dalili za kifua kikuu na maradhi mengine, kwa hiyo mkato huo usikutie shaka. Lakini tezi iliyovimba, yenye usaha au chembe ngumu kama mchanga, irudishwe pamoja na nyama yake.

Pamoja na hayo, jicho la mnunuzi halichukui nafasi ya muhuri wa mkaguzi. Katika machimbo ya Geita, nyama huweza kuletwa hadi kwenye maduara na mialo ikiwa ndani ya ndoo au mfuko, kwa bei nafuu inayovutia, na hakuna ajuaye ng'ombe alikufa vipi. Mnyama aliyekufa mwenyewe huenda alikuwa na kimeta. Vijidudu vya kimeta hujifunika kwa ganda linaloweza kustahimili mchemko wa kawaida, na anayeishika nyama hiyo anaweza kuambukizwa kabla haijafika chunguni. Nyama ya namna hiyo isinunuliwe hata kama shahamu yake ni nzuri.

Mwisho, neno kwa mama lishe na wanywaji wa supu. Supu ya muundi au makongoro ikipoa huganda, na wengi husema imejaa mafuta. Kinachoganda chini ni urojo uliotokana na kano na utando. Mafuta ni lile tabaka linaloelea juu. Aliyeshauriwa na daktari kupunguza mafuta aiache supu ipoe, aliengue tabaka hilo kwa kijiko, kisha aichemshe tena kabla ya kunywa.