Hatua ya Kwanza ya Mtoto Mnene

Katika kipindi cha elimu ya viungo, mwalimu mwanafunzi hupenda kutazama mwendo: nani kawahi, nani kachelewa. Ni mara chache atazamapo kitendo kifupi kinachoutangulia mwendo. Hapo ndipo mtoto mwenye unene wa kupindukia hupambana na mzigo wake, na hapo ndipo huhukumiwa kuwa mvivu.

Tuanze na jaribio. Mwanafunzi mmoja asimame bega la kulia na ubavu wa wayo wa kulia vikigusa ukuta, kisha ainue mguu wa kushoto na kutulia hivyo. Hataweza. Mguu hauinuki mpaka uzito wa mwili uhamie juu ya mguu unaobaki chini, nao ukuta umeuzuia uzito usihame. Watoto watacheka, waache wacheke, kisha waulize ni nini kilichomzuia mwenzao.

Basi kabla ya hatua ya kwanza, mwili husukumwa upande na kuachwa uegemee mbele. Ili aondoke kwa kasi ileile, mtoto wa kilo 50 huhitaji nguvu mara mbili ya mtoto wa kilo 25. Misuli yake yaweza kuwa na nguvu kumpita mwenzake, lakini kwa kawaida haikuongezeka kwa kadiri ya uzito. Tena mara nyingi husimama ameitanua miguu. Msimamo huo humfaa akiwa ametulia, ila huirefusha safari ya uzito kutoka katikati hadi juu ya mguu mmoja. Ndiyo maana hukawia kuinua mguu, na atembeapo nyayo zote mbili hukaa chini kwa muda mrefu zaidi. Filimbi ameisikia kama wengine.

Tunashauri amri ziwe mbili. Kwa amri ya “Jiandaeni!” darasa zima lihamishe uzito polepole, kulia na kushoto, kisha filimbi ipigwe. Asitengwe mtoto yeyote kwa zoezi lake peke yake. Wala kumkabidhi mtoto mnene kazi ya kuhesabu magoli kila wiki si huruma, maana humnyima zoezi lenyewe analolihitaji.

Lakini akilalamika maumivu ya nyonga, paja au goti, au akichechemea, asilazimishwe. Mzazi aarifiwe na mtoto apelekwe kwa mganga upesi, kwa kuwa uzito mkubwa huweza kuuteguza mfupa wa paja penye nyonga wakati ungali ukikua.