SOMO LA HESABU: KUTAFUTA BEI KABLA YA MAKATO

Mwanachuo aingiaye kozi ya uhasibu wa ushirika, iwe ni Moshi, ambako Chuo cha Ushirika kilianzishwa mwaka 1963, au kwingineko, mara nyingi huwa ametoka shuleni zamani. Mizani aijua, na daftari la mazao alijua pia. Lakini aonapo herufi x ubaoni huweka kalamu chini na kusema kwamba hayo ni mambo ya vijana. Sivyo. Kimshindacho kwa kawaida si herufi, bali ni asilimia na sehemu alizozikariri utotoni bila kuzielewa.

Mfano huu wadhihirisha jambo hilo. Chama cha msingi kimekata asilimia 5 ya bei ya kahawa kuwa ushuru wa chama, na mkulima amepokea shilingi 2,850 kwa kilo. Katibu ametakiwa kuandika bei kabla ya makato. Wengi hutafuta asilimia 5 ya 2,850, wakapata 142.50, wakajumlisha na kuandika 2,992.50. Majumlisho hayo hayana kosa hata kidogo. Hata hivyo, asilimia 5 ikikatwa katika 2,992.50 hazibaki 2,850. Hubaki 2,842 na senti. Iliyosahauliwa ni kwamba ushuru ulikatwa katika bei nzima, wala si katika mabaki.

Hapa ndipo aljebra ifaapo. Bei isiyojulikana na iitwe x. Ikiondolewa asilimia 5, hubaki asilimia 95 yake. Kwa hiyo:

95x ÷ 100 = 2,850
Pande zote mbili zizidishwe kwa 100: 95x = 285,000
Pande zote mbili zigawanywe kwa 95: x = 3,000

Basi ushuru ni shilingi 150 kwa kilo, si 142.50. Tofauti ya shilingi 7.50 haitoshi kununua kiberiti. Lakini katika chama kilichokusanya kilo 40,000, hizo ni shilingi 300,000 walizokatwa wakulima na ambazo hazimo vitabuni. Mkaguzi akiuliza ziliko, katibu mwaminifu atasimama mbele ya mkutano mkuu pasipo jibu, na si wanachama wote watakaosadiki kwamba ni kosa la asilimia.

Elimu hii tangu mwanzo ilikuwa ya watu wenye mali ya kugawana. Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake huko Baghdad mnamo mwaka 820, alitaja katika utangulizi mirathi, biashara, mashauri na upimaji wa ardhi. Neno al-jabr lina maana ya kuunga kilichovunjika, na hutumika hata kwa mfupa. Mwenziwe, al-muqabala, yaani kuweka vitu uso kwa uso, Waswahili wanamjua kwa jina la mkabala.

Mkabala huo huonekana katika hesabu ya usafirishaji. Lori moja hutoza shilingi 180,000 kwa safari, na juu yake 2,000 kwa kila gunia. Jingine hutoza 5,000 kwa gunia pasipo malipo mengine. Ni magunia mangapi yatakayofanya gharama zilingane?

180,000 + 2,000g = 5,000g
Ikitolewa 2,000g pande zote mbili: 180,000 = 3,000g
g = 60

Chini ya magunia 60, lori la pili ni nafuu; zaidi ya hapo, la kwanza. Wako wanafunzi waliofundishwa kwamba namba ikivuka alama ya sawasawa hubadili ishara, nao huisema kanuni hiyo kama mganga asemavyo maneno yake. Ni afadhali waiache kwa muda, waandike kila mara kilichotolewa pande zote mbili, kama karani aondoavyo mawe yaliyo sawa katika vitanga viwili vya mizani. Karatasi itatumika zaidi, lakini kosa litaonekana mstari liliko. Jibu nalo lirudishwe katika swali kabla ya kuingizwa kwenye leja. Kazi hiyo ni ya dakika moja.

Zoezi: Mkulima amepokea shilingi 3,220 kwa kilo baada ya kukatwa asilimia 8. Bei kabla ya makato ni shilingi ngapi? Atakayepata 3,477.60 na arudi kwenye mfano wa kwanza.