SOMO LA JEOLOJIA: UDONGO UNASHUKA NAMNA GANI PETROLI IKITOKA?



Ng'ambo ya ziwa Albert, upande wa Uganda, petroli ilivumbuliwa mwaka 2006. Katika mwezi wa kwanza wa 2023 kazi ya kutoboa visima vya kuitoa ilianza pale Kingfisher, kwenye ukingo wa ziwa lile lile ambamo wavuvi wa Kasenyi, katika Irumu yetu, wanatupa nyavu. Basi inatupasa kujifunza jambo hili: petroli ikitoka, chini kunabaki nini?

Wengi wanafikiri petroli iko chini ya udongo sawa na mafuta ndani ya pipa. Si vile. Iko ndani ya vitundu vidogo sana vya jiwe, sawa vile maji yanavyokaa katika mchanga. Na juu ya jiwe lile kuna mawe mengine, pengine unene wa kilometa mbili ao tatu. Nani anabeba mzigo ule wote? Wanaubeba wawili: jiwe lenyewe, na petroli kwa presio yake. Ni kama watu wawili wenye kubeba gogo. Mmoja akilegea, mwenzake anabaki na mzigo. Akiwa na nguvu, atasimama. Akiwa zaifu, atainama. Ni vivyo hivyo chini: presio ikipunguka, jiwe laini linafinyana, alafu udongo wa juu unashuka.

Mfano mkubwa ni Ekofisk, katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Norwe. Petroli ilianza kutolewa pale 1971, katika jiwe la chokaa laini. Mwaka 1984 watu waligundua kwamba sakafu ya bahari imeshuka mita kadhaa. Mwaka 1987 iliwalazimu kuinua majukwaa ya kazi mita 6, kusudi mawimbi yasiyafikie. Kule Long Beach, Marekani, petroli iko katika mchanga. Udongo ulishuka karibu mita 9 mbele ya maji mengi kuingizwa chini, kuanzia miaka ya 1950, kushika nafasi ya petroli. Hapo kushuka kulikoma. Lakini Ekofisk maji yalirudisha presio na vilevile yalilegeza chokaa, hata udongo ukaendelea kushuka. Kumbe dawa moja haiponyeshi kila jiwe.

Sasa, jiwe liko mbali chini. Tutalipima namna gani? Kwa sauti. Kazi hiyo inaitwa sismiki. Juu ya maji, chombo kinapiga mshindo wa hewa. Kwenye nchi kavu wanatumia baruti kidogo ao motokari yenye kutetemesha udongo. Sauti inashuka, inagonga mawe, inarudi, na vipokeo vinaandika saa yake.

Tufanye hesabu. Jiwe liko mita 3000 chini, na sauti inakwenda mita 3000 kwa sekunde. Kushuka sekunde 1, kurudi sekunde 1: jumla sekunde 2. Baada ya miaka mitano tunapima tena pahali pale pale, tunapata sekunde 2,006. Sekunde 0,006 zimetoka wapi? Jiwe la petroli limefinyana, na mawe ya juu yake yamevutwa kidogo kama mpira; katika mawe yaliyovutwa sauti inakwenda pole pole zaidi. Kwa kuchelewa huku kudogo wataalamu wanajua ni wapi jiwe linainama, na ni wapi maji yatiwe. Ekofisk, tangu 2010, vipokeo vimelazwa kabisa katika sakafu ya bahari, kusudi kipimo kirudiwe mara nyingi bila kubadili pahali.

Tuangalie vizuri: ile 2,006 peke yake haina maana. Inasema kitu kwa sababu mtu aliandika 2,000 mbele. Kipimo cha kwanza kisipofanywa mbele ya petroli kutoka, hakuna pesa ya kukinunua nyuma.

Jambo hili linatugusa. Mwaka 2020 maji ya ziwa Albert yalipanda, nyumba za ukingoni zikaingiliwa. Ilikuwa mvua nyingi. Petroli ilikuwa haijaanza kutolewa. Lakini siku nyingine maji yakipanda tena Kasenyi, watu watauliza: ni ziwa limepanda, ao ni udongo umeshuka? Mwenye nyumba iliyozama ataona maji tu. Atakayemjibu kwa haki ni yule mwenye vipimo viwili, cha kwanza na cha pili. Na ziwa ni moja, mpaka wa inchi haukati mawe ya chini. Kwa hiyo inafaa vijana wa Irumu wasome fizika na jeolojia, ili wajue kuomba vipimo vile na kuvisoma wenyewe.

MAULIZO
1. Ni nani wawili wanaobeba mzigo wa mawe ya juu?
2. Kwa nini maji yalisaidia Long Beach kuliko Ekofisk?
3. Jiwe liko mita 2400 chini, sauti inakwenda mita 2400 kwa sekunde. Kipimo cha pili ni sekunde 2,004. Sauti imechelewa kiasi gani?