Mtaro si Bomba la Majitaka: Istilahi za Mtiririko na Mazingira ya Bamburi

1.0 Utangulizi
Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, imekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu mengi. Nyumba nyingi huko hutegemea mashimo ya vyoo na matangi ya majitaka, ilhali wakazi wengi huteka maji visimani. Majitaka yakipenya mwamba huo, hufika visimani kwa urahisi. Mitambo mikuu ya kusafisha majitaka ya Mombasa ilijengwa ng'ambo, Kizingo na Kipevu. Makala haya yanadai kwamba mkazi hawezi kushiriki mjadala wa kuletewa mabomba iwapo istilahi zake hazijatenganishwa.

2.0 Istilahi mbili, kazi mbili
Mtaro hupitisha maji ya mvua. Bomba la majitaka hupitisha uchafu wa vyooni na jikoni. Anayevidhania kuwa kitu kimoja huweza kuelekeza maji ya paa lake kwenye bomba. Mvua kubwa za Mei zikinyesha, bomba hushindwa, na uchafu hufumuka kwenye chemba barabarani.

3.0 Kielelezo cha mtiririko
Ili kuepusha hali hiyo, mhandisi huunda kielelezo cha kihisabati kabla ya kuchimba. Kanuni inayotumiwa sana ni ya Robert Manning, mhandisi wa Ireland wa karne ya 19. Hapa pia istilahi mbili hutofautiana: kasi ni mwendo wa maji, ujazo wa mtiririko ni kiasi kinachopita kwa sekunde. Mteremko ukiongezwa mara 4, kasi huongezeka mara 2. Kipenyo cha bomba lililojaa kikiongezwa mara 2, ujazo wa mtiririko huongezeka zaidi ya mara 6. Hata hivyo, bomba kubwa lenye maji machache si salama: kasi ikishuka chini ya takriban mita 0.6 kwa sekunde, mashapo hutuama na kuziba njia. Palipo tambarare, kama ukanda wa pwani, mteremko hupatikana kwa kuchimba mwamba kwa kina au kwa kutumia pampu. Kielelezo huonyesha pia wakati wa kuwasha pampu, kufungua malango au kuhifadhi maji katika matangi ya akiba.

4.0 Hitimisho
Mhandisi hukadiria maji. Mtaalamu wa Kiswahili humwezesha mkazi kuelewa makadirio hayo. Istilahi zikivurugika, hesabu sahihi huharibiwa na bomba moja la paa.