Mgeni Akishuka Treni

Kamina ni mji wa njia panda. Reli itokayo Lubumbashi hupita Tenke na Bukama, na ikifika Kamina hugawanyika: njia moja yaelekea Mwene-Ditu, Kananga na Ilebo, nyingine yaelekea Kabongo na Kabalo. Ile ya Ilebo ilifunguliwa mnamo 1928; ile ya Kabalo ilikamilika mnamo 1956. Kwa hiyo tangu siku za mababu watu wa Kamina wameona wageni wakishuka na mizigo yao, wengine wakitafuta kazi, wengine wakitafuta ndugu, wengine wakingoja tu treni ya kuwapeleka mbele. Somo hili lahusu wageni hao, na jinsi inavyompasa mtu anayejiandaa kwa ubatizo kuwapokea.

Mfano ni huu. Kijana mmoja mkatekumeni atoka kijijini kwake asubuhi na mapema, baiskeli yake imebeba magunia mawili ya mihogo mikavu. Njiani akutana na mzee. Mara ashuka, aegemeza baiskeli kwenye mti, apiga makofi taratibu, ainama na kusema, «Jambo yenu, tata.» Mzee amjibu, amwuliza habari za nyumbani, na kijana ajibu yote bila haraka, ingawa jua lapanda na soko halingoji. Mbele kidogo awakuta akina mama watokao mtoni na ndoo zao. Awaamkia nao, awapisha njia. Mwalimu wa katekisimu amwona kwa mbali, afurahi moyoni.

Saa nne kijana yuko karibu na stesheni ya Kamina. Treni imefika, watu wasukumana. Mama mmoja mzee ashuka na kifurushi kichwani, ameshika mtoto mkononi. Atazama huku na huku, hajui pa kwenda. Amwuliza kijana neno moja, kwa lugha ya Kasai. Kijana hamjibu. Amsukuma kwa bega, apita na magunia yake, tena acheka pamoja na wenzake kwa sababu ya matamshi ya mama yule. Jioni arudi kwao. Kwenye njia ile ile amkuta mzee wa asubuhi: ashuka, apiga makofi, ainama.

Je, kijana huyu ana adabu, au hana?

Haifai kujibu upesi. Asubuhi hakuwa akiigiza. Alifundishwa hivyo na mama yake, na mikono yake yajua kazi hiyo kama ijuavyo jembe. Lakini kijijini adabu ina walinzi wengi. Mjomba yupo, shangazi yupo, majirani wapo. Kijana akipita bila kumwamkia mkubwa, habari zake hufika nyumbani kabla ya miguu yake. Stesheni hakuna mlinzi. Mama yule hajui jina la kijana, wala la baba yake, wala la kijiji chake, hatamshitaki popote. Basi ni pale stesheni, wala si pale njiani, inapoonekana kama heshima ya mtu imeingia moyoni mwake au imeishia magotini.

Mtu asidhani kwamba somo hili ladharau adabu ya mababu. Adabu hiyo ilikuwa kubwa, hata watu wa mbali waliistaajabia. Cameron, msafiri Mwingereza aliyekaa katika nchi ya Waluba mnamo 1874 na 1875, wakati wa Kasongo Kalombo, aliandika jinsi watu walivyomsalimu mfalme wao: walipiga magoti, wakajipaka udongo mweupe mikononi na kifuani. Udongo huo, uitwao pemba, haukuwa pambo tu. Weupe wake ulikuwa alama ya usafi na baraka. Ajipakaye aonyesha kwamba amekuja na moyo mweupe, hakuficha ubaya. Mambo mazuri sana. Ila heshima ya namna hiyo hupanda tu: mdogo kwa mkubwa, mtumishi kwa mfalme. Kuna heshima nyingine iliyo ngumu kuliko hiyo, nayo ni ile ishukayo, mkubwa kwa mdogo, na ile iendayo kando, mwenyeji kwa mgeni asiye na kitu cha kumlipa.

Hiyo ndiyo heshima ya Abrahamu. Kitabu cha Mwanzo, katika sura ya 18, chasimulia kwamba alikuwa ameketi mlangoni pa hema yake wakati wa jua kali, akaona watu watatu wamesimama. Abrahamu alikuwa mzee na tajiri wa mifugo. Angeweza kuwangoja waje wamwamkie yeye. Badala yake alikimbia kuwalaki, akainama mpaka chini, akaagiza maji ya kunawa miguu, akawaweka chini ya mti, ndipo wakaandaliwa chakula. Yafaa kuangalia mpangilio wa mambo hayo: salamu, maji, kivuli, chakula. Hakuanza kwa kuuliza kabila lao.

Na heshima inapopanda tu bila kushuka, matunda yake huwa machungu. Wazee wa Kongo wayajua. Wakati wa utawala wa Wabelgiji mtu mweusi alipaswa kumwita mzungu «Bwana», hata kama mzungu huyo alikuwa kijana wa juzi. Naye baba wa watoto sita, mwenye mvi kichwani, aliitwa «boi». Lugha ya Kifaransa ina maneno mawili kwa mtu mmoja anayesemeshwa: «tu», la rafiki na la mtoto, na «vous», la heshima. Siku ya uhuru, 30 Juni 1960, Patrice Lumumba alisimama mbele ya mfalme Baudouin na kukumbusha jambo hilo miongoni mwa machungu mengine mengi: kwamba mtu mweusi aliitwa «tu», si kwa sababu ya urafiki, bali kwa sababu lile neno la heshima liliwekwa kwa ajili ya wazungu peke yao. Katika hotuba iliyotaja kazi za shuruti, mashamba yaliyonyang'anywa na watu waliofungwa, alitaja pia neno moja dogo la silabi moja. Hakukosea. Mtu aweza kusahau njaa aliyoipata. Jinsi alivyoitwa mbele ya watoto wake hasahau.

Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ya Mobutu iliamuru watu wote waitane «citoyen» na «citoyenne», yaani raia. Na mnamo 1972 majina ya kikristo yakakatazwa. Amri ya kuitana raia ilidumu hadi 1990. Kuitana kwa jina moja ni jambo jema likiwa na ukweli ndani yake. Lakini amri haiwezi kumpa mtu moyo wa heshima. Ofisini, raia mwenye suti aliweza kupita moja kwa moja, na raia mwenye miguu ya vumbi akaambiwa arudi kesho. Mtakatifu Yakobo, katika barua yake, aliwaonya Wakristo wa kwanza juu ya jambo hili hili: tajiri mwenye pete ya dhahabu aingia kwao, apewa mahali pazuri, maskini aingia, aambiwa asimame au aketi chini karibu na miguu ya watu. Akiwa na kibali cha kukaa nyuma ya dirisha la ofisi, Mkristo yampasa kuikumbuka barua hiyo kila asubuhi. Na aliye mbele ya dirisha naye ajue kwamba kusalimu vizuri na kungoja zamu yake si woga. Woga ni kutoa matabishi ili apite mbele ya mjane aliyefika kabla yake.

Sasa yabaki kusema jambo zito zaidi, nalo lahusu reli ile ile ipitayo Kamina. Tangu miaka ya 1920 watu wengi wa Kasai waliletwa au walikuja Katanga kufanya kazi katika migodi na reli. Walijenga, walioa, walizaa. Wajukuu wao hawakuijua Kasai hata kwa macho. Kisha mnamo 1992, wakati wa magombano ya siasa, watu wa asili ya Kasai walianza kufukuzwa, kwanza Likasi, halafu Kolwezi mnamo 1993. Nyumba ziliporwa, zingine zikachomwa. Mamia ya maelfu ya watu wakahama. Walikaa stesheni kwa majuma, wengine kwa miezi, chini ya maturubali na magunia, wakingoja treni. Wengi wakafa kwa magonjwa na njaa, hasa watoto na wazee. Njia ya treni hizo kwenda Kasai ilipita Kamina.

Kabla ya moto kulikuwa na neno. Watu hao walikuwa wakiitwa «bilulu», yaani wadudu. Neno hilo lilisemwa sokoni na barabarani, kwanza kwa kicheko, na waliocheka hawakuwa wote watu waovu. Walikuwa watu wa kawaida, wengine wa Misa kila Jumapili. Lakini mtu akiisha kuitwa mdudu, kazi kubwa ya shetani imekwisha, maana mdudu haamkiwi, haulizwi habari za watoto wake, na akikanyagwa hakuna aliaye. Katika Injili ya Mtakatifu Mateo, sura ya 5, Bwana Yesu ataja amri ya kutoua, na hapo hapo, bila kungoja, asema juu ya mtu anayemkasirikia ndugu yake na kumtukana. Wasomaji wengine hushangaa: kwa nini tusi limewekwa karibu na uuaji namna hiyo? Watu walioyaona mambo ya Likasi hawashangai.

Ni lazima kusema pia kwamba wapo watu wa Katanga waliowaficha majirani wao, wakawapa maji na bukari, wakawasindikiza usiku. Hawakuwa na neno jipya la kusema. Waliendelea tu kuwaita kama walivyowaita jana: mama, yaya, ndugu.

Basi kijana wa mfano amerudi nyumbani, baiskeli imeegemezwa ukutani, fedha za mihogo zimehesabiwa. Juma lijalo atakwenda mjini tena, na huenda treni nyingine itakuwa imefika. Hahitaji kuijua lugha ya Kasai. Salamu yaeleweka hata ikisemwa kwa lugha nyingine, na mikono miwili ikinyoshwa kupokea kifurushi yaeleweka zaidi. Amsemeshe mama kwa wingi, kama wasemavyo watu wenye adabu: «Mama, mnakwenda wapi?» Kama hajui njia, amtafutie ajuaye. Hayo yatamchukua muda wa robo saa, na pengine mihogo itauzwa kwa kuchelewa kidogo. Wenzake wakicheka, asicheke nao. Na akiwa na ushujaa, awaulize kama mama zao wakishuka Mwene-Ditu wangependa kuchekwa.

Kuhusu yule mama wa kwanza, hakuna la kufanya. Amekwisha kwenda, na kijana hatamwona tena.

Maswali ya kujibu mbele ya mwalimu: Kwa nini kijana alimwamkia mzee na hakumjibu mama? Abrahamu alifanya nini kabla ya kuwajua wageni wake? Katika kijiji hiki, ni watu gani wanaoitwa kwa jina la dharau, na ni nani aliyeanza kuwaita hivyo? Mkatekumeni afanye nini anapolisikia jina hilo likitajwa na mtu mkubwa kuliko yeye?