Je, maji ya kunywa yakilazwa katika shaba husafika?

Wapo wanaouliza kama ni kweli kuwa maji yakilazwa katika chombo cha shaba hujisafisha yenyewe. Ni kweli, lakini kwa masharti ambayo nyumba nyingi za Benaco haziwezi kuyatimiza.

Kwanza sheria. Vyombo tulivyokatazwa kunywea ni vya dhahabu na fedha; shaba haimo. Katika Sahihi ya Bukhari, Abdullah bin Zaid (r.a.) anasimulia kuwa Mtume (s.a.w.) aliletewa maji katika chombo cha shaba akatawadha. Linalobaki ni suala la afya.

Chembe kidogo za shaba huingia majini na kuua vijidudu. Mwaka 2012 watafiti wa India walichapisha matokeo ya jaribio lao: walitia vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu katika maji, wakayaweka katika vyombo vya shaba kwa saa 16. Hawakukuta kilicho hai. Shaba iliyoingia majini nayo haikufikia kikomo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 2 kwa lita.

Lakini saa 16! Maji uliyoteka Magharibi utayanywa kesho kama saa nne na nusu asubuhi, na ukiongeza ndoo mpya juu yake hesabu inaanza upya. Watoto wenye kiu hawangoji. Tena waliojaribiwa ni bakteria, si amiba wala mayai ya minyoo.

Sisi wa Benaco tunajua maji ni nini. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wengi wakatua hapa, na kuwapatia maji salama ikawa kazi kubwa. Somo la kambi za namna hiyo lilipatikana Malawi mwaka 1993, kambi ya Nyamithuthu. Maji yalitoka kisimani yakiwa safi, yakachafuliwa na mikono inayochovya ndoo. Familia zilipopewa ndoo zenye mfuniko na mdomo wa kumiminia, kuhara kwa watoto wa chini ya miaka mitano kulipungua kwa asilimia 31. Ndoo hizo hazikuwa za shaba.

Na hayo si mageni kwetu. Mtume (s.a.w.) aliamrisha vyombo vifunikwe usiku, na anayeamka usingizini asichovye mkono chomboni kabla ya kuuosha mara tatu.

Basi mama, chemsha maji mpaka yatokote, au yatie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Yaweke katika dumu au ndoo ya koki, umimine, usichote kwa kikombe. (Wengine husikia shaba wakafikiri ni shabu. Shabu hutuliza tope tu. Maji yakishang'aa bado yanahitaji kuchemshwa.)

Mwenye mtungi wa shaba autumie kwa maji yaliyokwisha kuchemshwa na kupoa. Kutu ya kijani isuguliwe kwa ndimu, kisha usuuzwe sana. Usitie humo maji ya ndimu, ukwaju wala mtindi: uchachu huyeyusha shaba nyingi, ikaleta kichefuchefu, kutapika na maumivu ya tumbo. Maziwa ya mtoto mchanga ndiyo yasiguse kabisa. Huko India maziwa yaliyochemshwa na kuwekwa katika vyombo vya shaba yalihusishwa na ugonjwa wa ini uliowaua watoto wadogo.