Mwandishi wa nje akialikwa kwenye chama chenu Bunia

Vyama vya Bunia, viwe vya wafanyabiashara, vya wamama wa soko au vya watu waliojiunga kuhudumia mji, vinafanya vizuri kualika wageni wa kuzungumza nao. Mgeni akiwa mwandishi wa chombo cha habari cha nje, maandalizi yanakuwa mengine, maana mtu huyo anakuja na maneno yake na kuondoka na ya kwenu.

Mji huu unawajua waandishi hao tangu Mei 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka na mapigano yakaingia mitaani, hadi askari wa Umoja wa Ulaya chini ya Ufaransa walipofika mwezi uliofuata katika operesheni Artemis. Lakini mtu anayehojiwa mbiombio njiani hapati wasaa wa kumuuliza mwandishi anafanyaje kazi yake. Mkutano wa chama unautoa wasaa huo.

Katika barua ya mwaliko, ulizeni anaandikia chombo gani, atazungumza lugha gani, na kama ana kibali cha wizara ya mawasiliano. Mjulisheni mkuu wa kartie na komuni mapema. Mkoa wetu wa Ituri uliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, na mkusanyiko usiojulikana unaweza kuwatia wenyeji matatani.

Jambo linalostahili muda zaidi ni makubaliano juu ya maneno ya wanachama. Je, yanaweza kuchapishwa na jina la msemaji? Bila jina? Au ni ya kumwelewesha mgeni tu, yasiandikwe kabisa? Mwenyekiti ayatangaze makubaliano kabla mtu yeyote hajafungua kinywa, na katibu ayaandike kwenye PV, yaani kumbukumbu za mkutano. Ukisema kwanza ndipo uombe maneno yasiandikwe, umechelewa. Picha na sauti zinahitaji ruhusa ya pekee: aliyekubali kunukuliwa hajakubali kupigwa picha.

Kuficha jina peke yake hakutoshi. Mwandishi akiandika «mwalimu wa hesabu wa Mudzipela mwenye watoto wanne, aliyekimbia kutoka Djugu», mji mzima umekwisha kumjua. Na makala iliyotoka Paris asubuhi inaweza kufika kwenye WhatsApp za Bunia kabla ya jioni. Kwa hiyo kila mwanachama aseme wazi ni vitu gani visitajwe: kazi, kartie, kijiji cha asili, kabila. Katika mkoa ambako kuitwa Mhema au Mlendu kumewahi kumgharimu mtu maisha, hilo la mwisho lisiachwe kwa busara ya mgeni.

Muulizeni naye bila woga. Makala yake ya mwisho juu ya Ituri, alizungumza na nani, na nani hakumfikia? Kichwa cha habari alikiweka yeye au wahariri wake? Kwa nini mapigano yetu yanaitwa ya kikabila tu, ilhali ardhi na dhahabu ya Mongbwalu vimo ndani yake? Maswali haya yana faida kuliko hotuba ndefu ya shukrani.

Mkalimani achaguliwe kwa uangalifu, atafsiri sentensi kwa sentensi bila kufupisha, na malipo yake yajulikane mapema. Usalama wake ni deni la mwandishi na la chama pia: mgeni atapanda ndege, yeye atabaki. Acquitté Kisembo, aliyekuwa akiwasaidia waandishi wa shirika la habari la AFP, alitoweka Ituri Juni 2003. Waandishi wa hapa nao wako hatarini. Joël Mumbere Musavuli, mkurugenzi wa redio na televisheni ya jamii ya Biakato, aliuawa Agosti 2021. Basi waalikeni na waandishi wa Radio Candip na Radio Okapi, wakae meza moja na mgeni.

Msimwombe mgeni pesa kwa ajili ya habari, wala msimpe bahasha. Mashirika kama AFP na Reuters yanakataza kununua maelezo.

Wako watakaotaka kusimulia waliyotendewa wakitumaini haki. Waelezwe kwamba mwandishi si mpelelezi wa mahakama. Mwaka 2002, mahakama ya kimataifa ya Yugoslavia ya zamani kule The Hague iliamua kwamba mwandishi wa vita asilazimishwe kutoa ushahidi ila pale ushahidi wake una uzito wa moja kwa moja na haupatikani kwingine. Na katika hukumu ya Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo wa Ituri, Machi 2012, majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) walikataa kutegemea maelezo ya mashahidi kadhaa, wakilaumu upande wa mashtaka kwa kuwaachia wapatanishi kazi ya uchunguzi. Mwenye ushahidi amtafute mwanasheria, na asisimulie mambo yake yote mbele ya ukumbi.

Mwombeni mgeni awatumie makala ikitoka, isomwe kwa Kiswahili katika mkutano unaofuata. Pakiwa na kosa, katibu amwandikie mhariri, anukuu sentensi yenyewe na tarehe, aambatanishe uthibitisho, na aeleze ni nini kirekebishwe.